Mkono Chini ya Shuka

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Mimi ni mke wa mtu! Naandika tena nione linavyokaa: mke wa Denge. Linakaa vizuri sana!

Siku mbili tangu harusi. Henna bado imeiva hadi kwenye viwiko. Nyumba yetu hapa Bula Pesa, mjini Isiolo, ina vyumba viwili, jiko la gesi, na kitanda ambacho fundi alikileta vanishi haijakauka. Denge analala upande wa ukuta. Akilala napenda kuangalia kovu lake. Linaanza juu ya sikio la kushoto, linapinda kama barabara ya kwenda kwao Merti. Leo asubuhi nililibusu. Akafungua jicho moja: "Umepotea njia?" Nilicheka mpaka mama yake akakohoa chumba cha pili! Sote tunamwita Ayyo. Alikuja kwa harusi na anasema haondoki mpaka mtoto wake apone. Sawa. Atapona.

Niandike hili mara moja, nisilirudie. Miaka miwili iliyopita Denge alipasuliwa Nairobi, akatolewa uvimbe kwenye ubongo. Saratani, ile kali, daraja la nne. Akapigwa mionzi, akameza vidonge, nywele zikaanguka, zikaota tena nzuri kuliko mwanzo. Halafu Julai hii skani ikaonyesha umerudi. Akamtuma dada yake Amino aniambie kwamba niko huru, nitafute mtu mwenye afya yake. Amino alinikuta nachorwa henna. Nikamwambia: "Mwambie kaka yako mkono mmoja umeshakwisha. Anataka nibaki na mwingine mweupe?" Amino akalia, akacheka, akaenda. Harusi ikafanyika siku ileile iliyopangwa!

Leo mchana Denge amenifundisha lugha ya sokoni. Yeye ni dalali wa ngamia. Bei haisemwi mbele za watu, mnunuzi na muuzaji wanashikana mikono chini ya shuka, vidole ndivyo vinaongea. Ukishikwa kidole kimoja ni moja, viwili ni mbili. Dole gumba likikanyaga katikati ya kiganja, imeuzwa. Ukiachia mkono, umeondoka sokoni.

Tukafunika mikono na shuka yake nyekundu. Nikamuuliza, tunanunua nini? Akasema, "Watoto." Akashika vidole vyangu vyote vitano! Mimi nikamshika vitatu. Akashika vitano. Nikashika vitatu. Tukakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Amino anasema soko lote la Isiolo linajua: Denge akitaja bei hashuki, hata mvua imkute hapo hapo.

Tutaona!

Ijumaa, 15 Agosti 2025

Neno "kijiko" limempotea leo. Alikuwa anakitazama. "Ile… ya kuzungusha." Nikampa. Akasema asante na jina langu, Sabdio, lote, bila kukwama. Vijiko vipotee vyote. Jina langu lipo!

Uvimbe umekaa mahali pa maneno, ndivyo daktari alivyosema. Zile dawa za kupunguza maji kichwani zimemvimbisha mashavu. Anakula kama fundi wa kuchimba kisima. Napenda mashavu yake. Nimemwambia. Akaona haya!

Jumanne, 19 Agosti 2025

Tumerudi kutoka Meru. Mahat, binamu yake, alitupeleka kwa gari lake la Probox. Kliniki ya saratani, Daktari Kiende. Mama mfupi, miwani mikubwa, anaongea pole pole na haogopi kukuangalia usoni.

Akasema: "Nitaongea wazi. Kupasua tena hapana, nitagusa maneno yaliyobaki. Tuna dawa. Hakuna hata moja ya kumaliza huu ugonjwa. Zipo za kuushikilia."

Ya kwanza, vile vidonge alivyomeza mara ya kwanza, arudie. Lakini uvimbe ulirudi muda mfupi tu baada ya kuviacha, na kile kipimo cha uvimbe wenyewe kilionyesha haviuwezi sana. Ya pili ni kapsuli zinaitwa lomustine. (Kama jina la msichana wa shule ya bweni!) Zinamezwa siku moja tu, halafu unakaa wiki sita. Ya tatu ni dripu, kila wiki mbili, jina lake sijaweza hata kulitamka. Inanyima uvimbe mishipa ya damu. Inakausha maji kichwani haraka, wengine hata maneno yanarudi. "Lakini," akasema, "inapendeza kwenye skani kuliko inavyoongeza siku. Mimi hupenda kuiweka nyuma, tuitumie tukibanwa."

Denge akamwangalia kama anayeangalia ngamia wa mtu mwingine. "Daktari. Huyu wa pili. Meno yake… yako sawa?"

Daktari Kiende alicheka mpaka akavua miwani! "Anauma," akasema. "Anauma damu. Kuanzia wiki ya nne chembe za damu zinashuka, zile za kupigana na maradhi na zile za kugandisha. Wakati huo wagonjwa wa kifua wasikae karibu na wewe. Nyama iive. Maziwa yachemshwe. Homa ikifika thelathini na nane, msingoje kuche."

Nikauliza: inashikilia mpaka lini?

Akavaa miwani tena. "Kwa wengi, miezi. Kwa wachache, zaidi. Sijui Denge ni yupi."

Mimi najua! Ni wa wachache. Daktari hajamwona Denge sokoni.

Chini ya shuka alinishika vidole viwili. Kapsuli. Nikakanyaga kiganja. Imeuzwa!

Alhamisi, 21 Agosti 2025

Kapsuli zimemezwa, zote kwa pamoja, tumbo likiwa tupu, baada ya ile ya kuzuia kutapika. Ayyo alisikitika. Alitaka tuweke nusu. "Dawa nyingi hivi kwa siku moja? Na kesho atakula nini?" Nikamweleza kwamba kesho hakuna, wiki zote sita hakuna, na akimeza nyingine kabla zitamuua. Akazitazama zinavyoingia mdomoni moja moja, midomo yake ikisoma dua.

Hakutapika. Alisema tu ana njaa. Mwanaume wangu!

Jumapili, 31 Agosti 2025

Siku nzuri, nzuri, nzuri! Tumetembea mpaka karibu na soko la mifugo, mimi na buibui jipya, yeye na fimbo yake. Watu wanamsalimia kila hatua. Mzee mmoja akamwita, "Dalali, huyu mmepatana naye kwa bei gani?" Denge akajibu haraka, neno zima zima: "Nilidanganywa. Nilitoa moyo wote, sikurudishiwa chenji."

Nataka kukumbuka hilo hata nikiwa bibi kizee.

Ayyo amepata maziwa ya ngamia kwa jamaa zao, yanaletwa asubuhi na pikapu. Anayaweka kwenye chombo chake cha kusuka, kilichofukizwa moshi wa mti wa kwao. Harufu yake — tamu! Anasema hii ndiyo dawa, zile za Meru ni msaidizi.

Jumatano, 10 Septemba 2025

Ninachemsha maziwa kwa siri.

Nimeandika kama mwizi. Lakini nesi Akidor, yule wa Isiolo anayempima Denge damu kila wiki, aliniambia leo chembe zimeanza kushuka, na zitashuka zaidi. "Maziwa mabichi usimpe, mama. Hata kidogo." Kisha akacheka, "Najua unaishi na mama mkwe Mborana. Pole sana."

Kwa watu wa Ayyo maziwa ya ngamia hayawekwi motoni. Wanasema ukiyachemsha ngamia anakauka, baraka inatoka zizini. Mimi nimelelewa hapa mjini, mama yangu ana kioski cha chai, ningejuaje uzito wake? Nangoja Ayyo aende kuswali adhuhuri. Natoa maziwa, nachemsha, napoza kwenye beseni, narudisha kwenye chombo. Denge anakunywa, ananikonyeza. Anajua. Raha kidogo, kuwa na siri na mume!

Jumamosi, 13 Septemba 2025

Nimekamatwa.

Ayyo alisahau tasbihi, akarudi. Sufuria iko juu ya moto, maziwa yanapanda. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni, akasema polepole, "Intala, umeyaua." Intala ni binti kwa lugha yao. Ameniita hivyo tangu harusi. Leo liliuma.

Amino akatokea nyuma yake. "Ha! Bibi harusi wa kioski! Ngoja atie majani ya chai na sukari!"

"Amino, nyamaza," nikasema. Kwa mara ya kwanza! Nikamweleza Ayyo kila kitu, damu, chembe, daktari. Akasikiliza akiwa amesimama. Akasema Denge alizaliwa mwaka wa ukame, alilelewa na maziwa haya haya chini ya tumbo la ngamia, nani alichemsha? Nani alikuwa na sufuria? Na mtoto hakufa.

Lakini sikuzima gesi.

Denge alikaa katikati yetu. Alitaka kusema kitu. Mdomo ukafunguka, ukafungika. Akapiga paja lake kwa hasira. Sipendi kumwona hivyo. Nikatia mkono chini ya shuka na yeye akashika vidole vyangu vyote vitano, vile vya watoto, ili nicheke.

Nikacheka. Sawa, vitatu!

Jumapili, 21 Septemba 2025

Ayyo hanisemeshi sana, lakini amenisuka nywele. Vidole vyake vinavuta kweli kweli! Nadhani ni msamaha, au adhabu. Denge mzima. Amechoka tu.

Ijumaa, 26 Septemba 2025

Hospitali ya hapa Isiolo. Naandika nikiwa kwenye benchi la wodi.

Alfajiri nilimgusa, moto! Kipima joto: thelathini na nane na nusu. Nilikumbuka sauti ya Daktari Kiende, msingoje. Sikungoja hata kufunga kilemba sawa. Mahat alikuja na gari akiwa na fulana ya kulalia. Hapa wamempima damu: chembe za kupigana na maradhi zimekwisha karibu zote. Wamemwekea antibayotiki kwa dripu. Nesi Akidor amekuja, hata si zamu yake.

Halafu akauliza: "Amekula nini? Maziwa?"

Nikasema nachemsha, kila siku, mbele ya kila mtu. Denge akafumba macho. Akatoa mkono chini ya shuka, akanishika kidole kimoja, akaelekeza macho kwa Ayyo mlangoni.

Ayyo akakiri mwenyewe: kikombe kimoja. Kila asubuhi chumbani kwa mama yake, kabla sijaamka. Maziwa mabichi. Tangu siku ile ya sufuria.

Hakuweza kumnyima mama yake, na mimi hakuweza kuniambia. Dalali! Alituuzia sote wawili ngamia mmoja!

Nilitaka kukasirika. Nitakasirika akishapoa. Sasa nimemfuta uso na kitambaa, na hata na homa amejaribu kunikonyeza.

Ayyo ametoka nje. Namwona dirishani, amekaa chini kwenye ukuta, hasogei kufuata kivuli.

Jumapili, 28 Septemba 2025

Homa imeshuka! Alhamdulillahi, Alhamdulillahi! Amekula ugali, akaomba mwingine, akamwambia nesi chai yao ni "maji ya… ya kuosha… hiyo." Sufuria, nikamsaidia. Wodi nzima ikacheka. Niliwaambia atashinda, niliwaambia!

Daktari wa hapa anasema huenda ni maziwa, huenda ni mgeni aliyekohoa, huenda si kitu cha nje kabisa. Kipimo hakikuonyesha. Nilimwambia Ayyo hivyo, neno kwa neno. Sikumwongezea wala sikumpunguzia.

Saa sita alikuja na thermosi ya chai ya nyumbani kwetu. Akamimina. Maziwa. Yana moshi wa chombo chake, na chini yake harufu nyingine.

"Yameungua kidogo," akasema, akiangalia ukuta. "Sijui moto wako unapunguzwa wapi."

Yaa Rabi. Ayyo wangu alikuwa amesimama peke yake mbele ya lile jiko analoliogopa, akayaweka maziwa ya ngamia juu ya moto!

Nikasema, "Nitakuonyesha, Ayyo."

"Utanionyesha, intala. Na ngamia wakikauka, utaenda kuwaeleza wewe."

Denge alikunywa kikombe kizima. Yalikuwa mabaya sana. Nilionja. Hakuna aliyesema.

Alhamisi, 2 Oktoba 2025

Meru. Wiki sita zimetimia. Tulikuja mapema. Damu imetolewa, skani imepigwa jana, na sasa Daktari Kiende ametoka kidogo kutuachia chumba.

Kwanza habari nzuri, nizipigie mstari: uvimbe haujakua! Haujapungua pia. Umesimama. Daktari alitugeuzia kompyuta tuone, ule wa Julai na huu wa jana, kama mapacha. "Hii ndiyo kushikilia," akasema. Nilimkumbatia na miwani yake!

Halafu nyingine. Chembe za kugandisha damu hazijapanda vya kutosha. Leo hawezi kumpa kapsuli.

"Kuna njia mbili," akasema. "Moja, tungoje damu ipande, wiki moja au mbili, turudie kapsuli kwa kipimo cha chini. Hatari ni kwamba sisi tunangoja, uvimbe hautungoji. Na damu inaweza kushuka tena kama juzi. Mbili, tuache kapsuli. Hizi chembe zikifika mahali salama, na hapo si mbali, tunaanza ile dripu. Maneno yanaweza kurudi. Lakini nitakuwa nimetumia dawa yangu ya akiba, na kapsuli inafanya kazi. Kuzichanganya sasa, na damu hii, siko tayari."

Nikamuuliza, Denge angekuwa kaka yake angechagua ipi? Akasema angemuuliza kaka yake. "Nataka kusikia kwa Denge."

Denge alifungua mdomo. Nilimwona analitafuta, lile neno, chumba hadi chumba. "Nataka… ile… nata…" Jasho likamtoka kwenye kovu. Daktari akasema hakuna haraka, akainuka, akaufunga mlango taratibu.

Ayyo yuko nje na thermosi yake. Ndani ni sisi wawili. Denge amevuta shuka juu ya mapaja yetu na kuuchukua mkono wangu wa kushoto. Wa kulia unaandika. Nikiacha kuandika nitalia, na leo si siku ya kulia. Uvimbe umesimama!

Ameshika kidole kimoja. Kungoja. Kapsuli.

Nimemshika viwili.

Ukweli wangu ni huu, na hapa nasoma mimi tu. Nataka maneno yake. Nataka aniambie tena lile la chenji. Nataka aniitie kitu kutoka chumba cha pili, akiseme hadi mwisho. Na naogopa ile alfajiri ya moto, siwezi kugusa paji lile tena na kulikuta hivyo. Dripu! Viwili!

Kimoja, ameshika.

Viwili, nimeshika.

Kimoja. Si kwa nguvu. Ananitazama, macho yake safi kabisa, hayajakwama popote. Anaijua bei ya kila njia. Anataka muda. Maneno atayangoja, muda hataki kuuacha.

Viwili, nimeshika tena, lakini mkono wangu umelegea na yeye anajua mkono uliolegea ni nini. Hiyo ndiyo kazi yake!

Ngoja. Ameachia kile kidole — si mkono, kidole tu. Sasa ameshika vinne.

Vinne? Nikamwambia Denge, hakuna nne, daktari ametoa mbili. Ametikisa kichwa. Ameshika vinne tena, kimoja kimoja, nimfahamu. Anainua macho juu, anazungusha kidole cha mkono wa pili kwenye shavu lake lililovimba, kama shavu la mtoto —

Watoto wanne!

Ameshuka! Denge ameshuka kutoka tano! Dalali ambaye hata mvua haimshushi ananiongezea kitu juu ya biashara, nimpe kile kidole chake kimoja!

Nacheka na karatasi imelowa. Viatu vya daktari vinarudi koridoni. Ayyo anamwuliza kitu huko nje. Denge bado ameshika vinne, hajaachia, ananingoja, na dole gumba langu limefika kwenye kiganja chake —